Ahadi za Mungu na sala yenye maana: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiongoza somo la Biblia katika jumuiya yetu, Jumatano jioni, watu wakiwa wametoka kazini na sokoni. Maswali haya yanatoka huko. Mengine huulizwa mbele ya wote. Mengine, na hayo ndiyo mazito, huulizwa mlangoni wakati viti vinarudishwa. Maandiko nimeyanukuu kutoka tafsiri ya Muungano ya 1952, kwa kuwa ndiyo wengi wetu tuliyoikariri tangu shule ya Jumapili.

Tumekua tukiambiwa ahadi ni deni. Basi naweza kumdai Mungu?

Anayeuliza hivi mara nyingi ametoka kwenye mkesha alikoambiwa apaze sauti: "Nadai ahadi yangu!" Kiu yake naielewa, ila neno kudai linanisumbua. Kwetu mdai ni mtu anayebisha hodi alfajiri, kabla mwenye nyumba hajatoka. Ana haki mkononi, na mdaiwa huinamisha kichwa. Sisi tulimkopesha Mungu nini?

Hata hivyo methali ina ukweli wake, tena mkubwa. Soma Mwanzo 15. Abramu anauliza atajuaje kwamba atairithi nchi. Mungu anamwagiza alete ndama, mbuzi, kondoo dume, hua na mwana njiwa. Wale wanyama watatu wanapasuliwa, vipande vinapangwa vikitazamana. Watu wa zamani zile walifanya maagano kwa kupita katikati ya vipande hivyo, kana kwamba wanasema, "Nikivunja neno langu, na niwe kama huyu mnyama." Jua linakuchwa, Abramu yuko usingizini, na katika giza tanuru ya moshi na mwenge wa moto vinapita katikati. Abramu hapiti. Mungu anajifunga peke yake.

Kwa hiyo deni lipo, ila amejitwika mwenyewe kwa upendo. Neno la Biblia lifaalo hapa ni kukumbusha. Isaya 62:6 inawataja watu "wenye kumkumbusha BWANA" na kuwaambia wasinyamaze. Mtoto husema, "Baba, ulisema." Hana hati wala shahidi, anamjua baba yake tu. Omba hivyo, tena kila siku, na usione haya.

Nitajuaje kwamba ahadi fulani ni yangu na si ya mtu mwingine?

Soma mistari iliyo kabla yake na iliyo baada yake. Nikiambiwa nichague ushauri mmoja tu wa kuwapa watu, ningechagua huo.

Chukua Yeremia 29:11, mstari uliobandikwa kwenye kalenda, kanga na vioo vya daladala: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Hii ni barua. Yeremia aliiandika kutoka Yerusalemu kwenda kwa watu waliochukuliwa mateka hadi Babeli. Mstari wa 10, ule ambao kalenda huuacha, unasema watarudi baada ya miaka 70. Aliyeisikia barua ile akiwa na umri wa miaka 40 alijua kwamba atazikwa ugenini. Ndiyo maana kuanzia mstari wa 5 wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji uleule uliowateka.

Je, basi ahadi hiyo si yetu? Ni yetu, kwa kuwa Paulo anasema ahadi zote za Mungu katika Kristo ni Ndiyo (2 Wakorintho 1:20). Lakini inatufikia ikiwa na uzito wake wote, pamoja na ile miaka 70. Ninapoisoma hivyo hainiahidi kazi mpya kufikia Desemba. Inaniambia kwamba Mungu hajapoteza anwani yangu hata nikiwa Babeli, na kwamba hapa nilipo, pasiponipendeza, napaswa kupanda mchicha na kuwaombea majirani. Mimi ahadi ya namna hiyo ndiyo iliyonishika mkono katika miaka mibaya. Ile ya kalenda iliniacha mwezi wa pili.

Mtumishi mmoja alinitabiria kwamba mwaka huu napata jibu langu. Mwaka umeisha. Nani kakosea?

Rudi sura moja nyuma, Yeremia 28. Nabii Hanania alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akasema utumwa utakwisha ndani ya miaka miwili. Kila mtu alitamani kusikia hilo. Hata Yeremia aliitikia "Amina", akitamani Bwana afanye hivyo kweli. Hanania akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, watu wakiona. Lakini Mungu hakuwa amemtuma, na Hanania alikufa mwaka uleule, mwezi wa saba.

Sisemi kila aliyekutabiria ni Hanania. Wengine husema kwa kukupenda wakakosea tarehe ambayo hawakupewa. Nisemalo ni hili: kama neno halikutoka kwa Mungu, basi Mungu hakuvunja ahadi. Usimhesabie yeye deni aliloliandika mtu mwingine.

Tumeomba mtoto kwa miaka saba. Mbona Mungu hajibu?

Swali hili huulizwa mlangoni. Nami silijibu nikiwa nimesimama; huwa namwomba anayeuliza tuketi kwanza.

Ibrahimu alitoka Harani akiwa na miaka 75. Isaka alizaliwa baba yake akiwa na miaka 100. Ni miaka 25, na katikati yake kuna makosa: kuna Hajiri mjakazi, aliyemzalia Ishmaeli, kuna uongo aliousema Misri kuhusu mke wake, kuna kicheko cha Sara nyuma ya mlango wa hema. Biblia haikuyaficha. Anayengoja huchoka, na aliyechoka hujaribu njia za mkato. Mungu hakufuta neno lake kwa sababu hiyo.

Lakini ningekuwa nakudanganya kama ningeishia hapo, kwa maana mfano wa Ibrahimu unaweza kusikika kama nasema, "Ngoja tu, wako anakuja." Sijui kama anakuja. Mungu hakumwahidi kila mke na mume mtoto, na anayekuambia kwamba amekuahidi anakuongezea jeraha. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe. Jibu lilikuja, na lilikuwa jingine: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu" (2 Wakorintho 12:9). Bwana wetu mwenyewe alisali Gethsemane mara tatu kwa maneno yaleyale, kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka.

Huwa naongeza jambo moja kuhusu Hana, yule mwanamke tasa aliyemwomba Mungu mtoto. Tunamkumbuka kwa sababu ya Samweli. Lakini tazama 1 Samweli 1:18: Hana akaenda zake, akala chakula, uso wake usiwe na huzuni tena. Hapo mimba hakuna. Hajui kama itakuwapo. Alikuwa ameimimina roho yake mbele za Bwana mpaka mwisho, akaambiwa aende kwa amani, akaweza kula ugali wake. Tukio hilo la kula nalihesabu kuwa jibu la sala, na sitaki lipitwe haraka kwa kukimbilia kuzaliwa kwa mtoto.

Tena ndugu, jamaa na wanajumuiya mnaosoma hapa: acheni kumuuliza "bado tu?" kila Krismasi.

Mgonjwa tuliyemwombea alikufa. Ni kwamba imani yetu ilikuwa ndogo?

Hapana.

Mama yangu aliugua miezi minne. Tulimwombea nyumbani, kanisani, hospitalini. Alipofariki, mtu mmoja aliniambia pale pale msibani kwamba labda katika familia kuna mtu mwenye mashaka. Nilibeba maneno hayo muda mrefu sana, na yaliyokuja kuyatua ni Matendo ya Mitume 12.

Katika sura hiyo Herode anamkamata Yakobo, ndugu yake Yohana, na kumuua kwa upanga. Kisha anamkamata Petro, na Petro anatolewa gerezani na malaika usiku. Yakobo na Petro wote wawili walikuwa mitume, wa kanisa lilelile. Na Luka haandiki kwamba Petro aliombewa kwa imani kubwa zaidi. Anaandika kinyume chake: Petro alipobisha mlango, msichana Roda akakimbia kuwaambia waliokuwa wakimwombea, wakamwambia ana wazimu! Waliomba, ila hawakutarajia, na Petro alifunguliwa vilevile. Kwa hiyo imani siyo mizani ambayo Mungu huipima na kusema imepungua gramu mbili, mgonjwa afe.

Kwa nini Yakobo afe na Petro aishi, Biblia haisemi. Mimi pia sitasema. Najua tu kwamba ahadi ya ufufuo ilimhusu Yakobo kama ilivyomhusu Petro, na inamhusu mama yangu.

Nikishaombewa, niache dawa ili kuonyesha imani?

Usiache. Hezekia aliomba akilia, Mungu akamwongezea miaka 15, na katika habari hiyohiyo Isaya akaagiza waweke mkate wa tini juu ya jipu (2 Wafalme 20). Sala na tini vilikwenda pamoja. Kama umepona, vipimo vitaonyesha, na daktari ndiye atakayekuambia upunguze vidonge. Iwe ni ARV, dawa ya sukari au ya presha, endelea kumeza, na uisalie kila asubuhi unapoimeza.

Je, lazima nitoe sadaka ya mbegu ndipo ahadi itimie?

Simoni wa Samaria alileta fedha apate uwezo wa Mungu. Petro alimjibu kwa ukali ambao leo ungemfukuzisha mtu madhabahuni: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe" (Matendo 8:20). Wengi hunitajia Wafilipi 4:19, kwamba Mungu atawajaza kila mnachokihitaji. Paulo aliandika hayo akiwa kifungoni, akiwashukuru watu ambao tayari walikuwa wamemtumia msaada bila yeye kuwaomba. Toa sadaka, ndiyo. Toa kwa furaha, kanisa lina mahitaji na maskini wapo. Ila usilipie kilichoahidiwa bure.

Na ukiona watu wanasukumana kwa ajili ya mafuta au maji, ondoka na watoto wako. Tarehe 1 Februari 2020, pale Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana wakiyakimbilia mafuta ya upako. Walikuwa wameenda kuomba. Nikiwakumbuka moyo huniuma, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyehitaji kufika mbele ndipo asikiwe.

Yesu alisema "msipayuke-payuke". Ina maana kusali kwa sauti ni kosa?

Neno hili limeleta ugomvi mwingi kati ya wanaosali kimya na wanaokesha kwa sauti. Kupayuka kwetu ni kusema hovyo, tena kwa kelele, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hufikiria sauti kwanza. Lakini mstari wenyewe unajieleza: wanaopayuka "hudhani ya kuwa watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi" (Mathayo 6:7). Kinachokatazwa ni kurundika maneno ukidhani wingi wake utamchosha Mungu akubali.

Bartimayo kipofu alipaza sauti barabarani, watu wakamkemea anyamaze, akazidi, na Yesu akasimama. Hana hakutoa sauti kabisa, hata kuhani akamdhania mlevi. Wote walisikiwa. Wale manabii wa Baali juu ya Karmeli waliita tangu asubuhi hadi adhuhuri, wakarukaruka, wakajikata kwa visu. Sala ya nabii Eliya, aliyeshindana nao, ina mistari miwili tu, 1 Wafalme 18:36-37, na unaweza kuisoma yote kabla maji ya chai hayajachemka.

Kwa hiyo jiulize: ninachosema sasa nakimaanisha? Nimewahi kujikamata katikati ya maombi marefu nikisema "Bwana, Bwana, asante Bwana" huku nikiwaza ada ya shule. Nilinyamaza, nikasema, "Baba, naogopa ada." Sala ilianza pale.

Tena kama nyumba zenu zimebanana na mnasali saa nane usiku kwa spika, fikirini jirani mwenye mtoto mchanga. Upendo nao ni ibada.

Sala zilizoandikwa, kama Liturujia au Baba Yetu, zina maana kweli? Si kukariri tu?

Yesu alisali zaburi alizojifunza utotoni, tena msalabani: "Mungu wangu, mbona umeniacha" ni Zaburi 22, na "mikononi mwako naiweka roho yangu" ni Zaburi 31. Mtu aliye katika maumivu makali hana nguvu za kutunga. Kilichokaririwa humbeba.

Jaribu kuisema Baba Yetu kwa dakika kumi. Simama kwenye "utupe leo riziki yetu". Neno ni leo, na neno ni yetu. Kaa hapo mpaka umkumbuke mmoja ambaye leo hana. Kama ukimaliza dakika kumi hujafika "utusamehe", hujapoteza wakati.

Kuomba "kwa jina la Yesu" maana yake nini hasa?

Mtoto anatumwa dukani: "Mangi, mama amesema unipe sukari nusu kilo, uandike." Mangi anatoa, kwa sababu ya jina la mama. Mtoto akiongeza, "na pipi tano," akijua mama hakuzisema, bado ametaja jina lilelile, lakini sasa analitumia vibaya. Kuomba kwa jina la Yesu ni kuomba kama mtu aliyetumwa naye. Ndiyo sababu katika Yohana 15:7 kuna "mkikaa ndani yangu, na maneno yangu yakikaa ndani yenu" kabla ya "ombeni mtakalo lote". Anayekaa ndani ya maneno yake huanza kutaka anayoyataka yeye, taratibu. Pipi unaweza kuziomba pia. Ziombe tu kama pipi, usiseme umetumwa.

Sina maneno. Kusema kweli nina hasira na Mungu.

Mwambie hivyo. Zaburi 13 inaanza kwa kuuliza "hata lini" mara nne. Zaburi 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila hata mstari mmoja wa faraja mwishoni, na Roho Mtakatifu aliiacha iwe sehemu ya kitabu cha nyimbo. Kama usingekuwa na imani usingekasirika. Mtu hawezi kumkasirikia asiyekuwapo.

Siku ambazo hata hasira imekauka, Warumi 8:26 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Pumua tu mbele za Mungu. Au omba kama yule baba katika Marko 9:24: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumrudisha akaongeze imani kwanza, alimponya mtoto.

Je, kufunga kunaharakisha ahadi?

Kufunga hakumsukumi Mungu. Kunatuondolea kelele ili tusikie. Soma Isaya 58 uone saumu anayoipenda: kuwagawia wenye njaa chakula chako. Kwa hiyo ule mlo ulioacha, kuna mtu wa kuupelekea.

Lakini hapa sitaki kuwa mpole. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao wengi wao walikufa kwa njaa, watoto wakiwamo, baada ya kufundishwa kwamba wakifunga hadi kufa watamwona Yesu. Yeyote anayekuambia ufunge bila maji, bila mwisho, bila kuwaambia ndugu zako, huyo hakupeleki kwa yule aliyewalisha watu 5,000 nyikani kwa sababu walikuwa na njaa. Mjamzito, mgonjwa wa vidonda vya tumbo, mwenye sukari na mtoto wasifunge chakula, wafunge simu.

Nini faida ya kuamini ahadi ambayo huenda nisiione ikitimia?

Waebrania 11:13 inasema wazee wale "wakafa katika imani, wasijazipokea zile ahadi, bali wakaziona tokea mbali na kuzishangilia". Nikisoma hapo huwa namkumbuka Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani. Alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huohuo alimzika mkewe Rosine, na binti yao mchanga. Mwaka huo pia alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Alikufa 1881, kabla Biblia nzima ya Kiswahili haijachapishwa. Mimi naisoma kila asubuhi ikiwa imechakaa jalada. Sala zake nyingine hakuona majibu yake; mimi nimeshika jibu mojawapo mkononi.

Nisalije nikitumia ahadi? Nionyeshe.

Chukua mstari mmoja. Usome kwa sauti mara mbili, pole pole. Kisha mwambie Mungu mambo matatu, kwa mpangilio wowote: umesema nini, hali yangu ikoje kweli, ninachoomba ni nini. Kwa mfano, Zaburi 23:1:

"Bwana, umesema u mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu. Leo nimepungukiwa. Kodi ya nyumba imebaki siku sita na mwenye nyumba hapokei simu yangu. Sijui 'kitu' ulichosema ni kipi. Nakuomba kodi, na kama si kodi, nakuomba nisimwapie uongo mwenye nyumba, na watoto wasinione nikitetemeka. Uwe mchungaji kwangu kama ulivyosema. Amina."

Imechukua chini ya dakika moja, na unaweza kuisema umesimama ndani ya basi. Iandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Baada ya mwaka rudi ulisome. Utakuta majibu uliyoyapita bila kuyaona, na sala nyingine utafurahi hazikujibiwa ulivyotaka.

Huwa nasinzia nikisali usiku. Ni dhambi?

Wanafunzi walisinzia Gethsemane, na Luka anasema walilala "kwa huzuni". Lala. Kesho sali asubuhi, ukiwa umeketi kwenye kiti kigumu.